Waya Hasi Kwanza: Kwa Mafundi Wapya wa Injini Kuukuu za Boti

Injini za boti zinazoletwa karakanani kwetu Moshi hutoka zaidi Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambalo maji yake si ya bahari, na kwa sababu hiyo fundi mgeni hudhani kwamba nyaya haziwezi kuwa zimeliwa. Ulizeni kwanza injini ilifanya kazi wapi kabla ya hapo, kwani ikiwa ilinunuliwa kuukuu kutoka pwani, chumvi iliyokwisha kuingia ndani ya waya haitoki.

Mwaka wangu wa kwanza nililetewa injini ya nguvu za farasi 40 ambayo stata yake, yaani mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake, iligonga mara moja na kunyamaza. Nilipima betri nikapata volti 12.6, nikahukumu kwamba stata imekufa, na mvuvi akanunua nyingine kwa fedha aliyoichuma kwa taabu. Tatizo likabaki lilelile. Fundi aliyekuwa akinifundisha akaushika waya hasi, ule mnene unaofungwa kwenye bloku, akaukunja karibu na kichwa cha waya huo, nao ukalegea kama utambi. Alipouchana mpira, ambao kwa nje ulikuwa mzima kabisa, tuliikuta shaba nyeusi kama masizi, yenye unga wa kijani, kwa urefu wa shubiri nzima. Nyuzi chache zilizosalia zilitosha kuonyesha volti kwenye mita, lakini hazikuweza kupitisha umeme mwingi unaovutwa na stata. Fedha ya yule mvuvi inaniuma hadi leo.

Kwa hiyo pimeni waya ukiwa na mzigo. Ncha moja ya mita iguse nguzo hasi ya betri yenyewe, si klempu, na nyingine iguse chuma kitupu cha bloku, kisha mwenzenu azungushe stata: kipimo kikizidi takriban nusu volti, ubovu uko kwenye njia hiyo, na stata isiguswe. Upande wa chanya hupimwa vivyo hivyo.

Plagi zisipotoa cheche, chomoeni kwanza waya wa kuzimia injini unaoingia kwenye CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamrisha cheche za plagi. Cheche zikirudi, kosa liko kwenye swichi au kwenye waya huo uliochubuka na kugusa bodi. Msiupitishie kamwe umeme wa betri, kwa maana CDI itaungua, wala msichomoe betri injini ikiunguruma, maana rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa injini ili uchaji betri, nayo huungua.

Mnapounga, msisokote nyaya na kuzifunga tepu tu. Kateni mpaka mfikie shaba inayong'aa, hata ikibidi waya wote utupwe na mwenye injini anunue mwingine.