Mwingereza Angesema Nini Hapo? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Misemo ya Kihispania

Barua nne za mwezi huu zimetoka miji iliyo mbalimbali, lakini zote zinauliza jambo moja: mtu amesikia msemo wa Kihispania, ameuelewa, na bado hajui auseme vipi kwa Kiingereza ili msikilizaji asihisi kwamba anasomewa tafsiri. Nimezifupisha kidogo kabla ya kuzijibu.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii, na nimejifunza Kihispania kwa sababu mara kwa mara napata wageni kutoka Hispania na Argentina, ambao husafiri gari moja na Waingereza, nami ndiye ninayewafasiria. Juzi mzee mmoja alisema kamera yake “me costó un ojo de la cara”. Nikawaambia wenzake kwa Kiingereza kwamba ilimgharimu jicho la usoni, nao wakamtazama kwa huruma. Baadaye mkewe akamwambia “¿me estás tomando el pelo?”, nami nikatafsiri habari ya kushikwa nywele. Ningesemaje? Na “que aproveche” wanayoisema mezani je? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Wageni walimhurumia mzee kwa sababu Waingereza hawana desturi ya kulipa kwa jicho. Wao hulipa kwa mkono na mguu. Kwa hiyo ungesema “it cost me an arm and a leg”, na picha ya mwili ingebaki ingawa viungo vimebadilika. Hata hivyo, usiishike hiyo kama jibu la pekee. Msemo wa mkono na mguu una uchangamfu ndani yake, kama wa mtu anayelalamika huku akitabasamu. Ikiwa mzee alisema kwa uchungu, “it cost me a fortune” ingemfaa zaidi, ijapokuwa haina jicho wala mguu. Mfasiri anayeng'ang'ania picha mara nyingi huipoteza sauti ya msemaji, nami nikilazimika kuchagua kati ya hizo mbili, huchagua sauti.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika “tomar el pelo”. Mhispania anayetaniwa huchukuliwa nywele, Mwingereza huvutwa mguu, na kwa hiyo kamusi itakupa “to pull someone's leg”. Lakini rudi kwenye gari lako umsikilize yule mama. Kama alikuwa akicheka, “you're pulling my leg” ni sahihi kabisa. Kama ndiyo kwanza ameisikia bei ya kamera na uso umemkunjamana, hakuna Mwingereza atakayetaja mguu hapo, atasema “are you kidding me?”, kama nasi tunavyotenganisha “unanitania wewe” ya kicheko na “unanifanyia mchezo?” ya hasira. Maneno ya Kihispania ni yaleyale nyakati zote mbili, na kinachoamua tafsiri ni uso wa msemaji, ambao wewe uliuona na kamusi haikuuona.

Ama “que aproveche”, hapo Kiingereza ni maskini. Kinachokaribia ni “enjoy your meal”, ambayo zaidi ni maneno ya mhudumu anayeweka sahani mezani kuliko ya mla mwenzako. Marafiki husema “enjoy”, au huazima “bon appétit” ya Wafaransa, au hunyamaza na kuchukua uma. Huko Mexico desturi hii imekwenda mbali zaidi, kwani mtu aliyemaliza kula katika mkahawa mdogo, akipita kati ya meza kuelekea mlangoni, huwaambia “provecho” watu asiowajua kabisa, nao hujibu “gracias” na kuendelea na supu yao. Inanivutia kwamba sisi tunayo desturi ya namna hiyo, ila imegeuzwa: kwetu anayekula ndiye humwambia anayepita “karibu”, na anayepita hujibu “starehe”. Mswahili huuelewa uzito wa “provecho” upesi kuliko Mwingereza. Lakini wewe unawasemea Waingereza, basi sema “enjoy your meal”, kisha uwaache wale.

Swali: Mwalimu, ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wenzangu wengi ni Wamexico na msimamizi wetu hajui Kihispania, hivyo mimi ndiye daraja. Mwenzangu akisema “ahorita vengo” na kuondoka, au “ahorita lo hago” na kazi ikakaa mpaka mchana, nimwambie nini msimamizi? Tena yuko mzee wa Kimexico anayekataa kuogeshwa akisema “me da pena”, nami nilifundishwa kwamba “pena” ni huzuni. (Dada msomaji, Houston, Texas)

Jibu: Dada yangu, “ahorita” ni “ahora”, yaani sasa, iliyotiwa kiambishi cha udogo, kana kwamba sisi tungesema “kasasa”. Udogo huo haupimi muda. Kwa Mmexico “ahorita” yaweza kuwa dakika hii hii, na yaweza kuwa saa yoyote kabla ya jua kuchwa. Kwa watu wa Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika mara nyingi ni “baadaye”. Kwa hiyo “ahorita vengo” ni “I'll be right back”, na huhitaji mtu wa kukueleza sababu, kwa kuwa nasi husema “nakuja” tukiwa tumekwisha kuupa mgongo ukumbi. Ukiitafsiri kwa neno la kuja, msimamizi atamwona mtu anayetangaza kuja huku akienda. “Ahorita lo hago” ya kawaida ni “I'll get to it in a bit”. Usimpe msimamizi “right now”, kwa sababu hiyo ni ahadi ambayo mwenzako hakuitoa, na ikivunjwa atakayeonekana mwongo ni yeye. Akisema kwa haraka huku tayari ameshika ndoo, hapo “I'm on it” inafaa.

Viambishi hivyo vya udogo vitakusumbua kila siku, kwa sababu Kihispania hukitumia kitu kidogo kuonyesha upole. Anayekuuliza “¿un cafecito?” hazungumzii ukubwa wa kikombe. Kiingereza hukosa kiambishi cha namna hiyo, hivyo upole huo huhamia kwenye umbo la sentensi nzima: “how about a coffee?”

Sasa nije kwa yule mzee, maana barua yako ingekuwa na swali hilo tu ningeijibu vilevile kwa urefu. Ulichofundishwa ni kweli nchini Hispania, ambako “me da pena” ni kusikitika au kumwonea mtu huruma, na Kiingereza chake ni “it makes me sad” au “I feel sorry for him”. Lakini Mexico, Amerika ya Kati, Kolombia na visiwa vya Karibi, “me da pena” ni kuona haya. Mzee aliyeshika pindo la shati lake asifunguliwe vifungo anasema “I'm embarrassed”. Angalia tafsiri hizo mbili zinavyogawanya njia: msimamizi akiambiwa kwamba mzee ana huzuni, atamtafuta mtu wa kuzungumza naye, ilhali mzee anachohitaji ni taulo, mlango uliofungwa, na pengine mwanamume wa kumwogesha. Usichanganye tu na “embarazada”, ambayo inafanana na neno hilo la Kiingereza kwa sura lakini maana yake ni mjamzito. Na Mhispania akikuambia “estoy constipado”, tumbo lake halina neno. Ana mafua, “I have a cold”.

Ninalisisitiza hili kwa kuwa kazi yako iko karibu na miili ya watu. Mwaka 1980, huko Florida, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Familia yake, yenye asili ya Kuba, ilitumia neno “intoxicado”, ambalo kwao ni mtu aliyedhuriwa na kitu alichokula au kunywa. Hapakuwa na mkalimani wa taaluma, na wahudumu wakalisikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, “intoxicated”, yaani mtu aliyelewa pombe au dawa, wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa ikivuja ndani ya ubongo wake. Alipooza mikono na miguu, na shauri lake likaishia kwa fidia ya takriban dola milioni 71. Neno “intoxicado” lingetiwa katika Kiingereza cha kila siku kwa maneno mepesi kabisa: “I think it was something I ate” likisemwa na mgonjwa, na “we think it was something he ate” likisemwa na jamaa zake.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa tafsiri. Methali ya Kihispania niitafutie methali ya Kiingereza kila mara, au niihifadhi picha yake? (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Inategemea methali inafanya kazi gani pale ilipo. Chukua “cuando el río suena, agua lleva”, yaani mto ukivuma una maji. Jirani akiisema kuhusu uvumi wa mtaani, mpe Mwingereza “there's no smoke without fire”, au Mmarekani “where there's smoke, there's fire”, na wala usiusikitikie mto uliokauka njiani, kwa maana mzungumzaji hakuwa akiuwaza mto. Sisi tungesema “lisemwalo lipo, na kama halipo laja”, isiyo na mto wala moshi, na ujumbe ungefika.

Ugumu huanza pale methali ya Kiingereza ilipo na uzito tofauti. “Camarón que se duerme se lo lleva la corriente”, kamba alalaye huchukuliwa na mkondo, kwa kawaida hupewa “you snooze, you lose”. Hiyo ya Kiingereza ni fupi na ina kejeli; humfaa kijana aliyekula kipande cha mwisho cha keki na sasa anamcheka ndugu yake. Bibi anayemwonya mjukuu wake kwa upendo kwamba nafasi ya masomo itampita hawezi kutiwa kinywani maneno hayo. Mimi hapo ningeiacha methali kabisa na kuandika “don't wait too long”. Wapo watakaoniambia nimepoteza rangi, lakini bibi amebaki bibi.

Katika fasihi mambo hugeuka. Sancho Panza, mtumishi wa Don Quijote katika riwaya ya Cervantes iliyotoka kwa sehemu mbili, 1605 na 1615, hubwaga methali moja juu ya nyingine mpaka bwana wake anamkemea. Tangu Thomas Shelton alipochapisha tafsiri ya kwanza ya Kiingereza ya sehemu ya kwanza mwaka 1612, wafasiri wamelazimika kuamua la kufanya na methali hizo. Ukizibadilisha zote kwa za Kiingereza, mkulima wa La Mancha, huko Hispania, anageuka kuwa mkulima wa Uingereza. Hapo mto uachwe uvume, hata msomaji akibidi kusita kidogo.

Swali: Jirani yangu ni mama wa Kihispania aliyeolewa hapa. Akimtaja binti yake aliye Hispania husema “ojalá viniera”. Je, ni kweli “ojalá” ni “inshallah” yetu, na kwa Kiingereza niseme “God willing”? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Asili yake ni Kiarabu cha Andalusia, yaani kile kilichosemwa zamani huko Hispania, na jina la Mwenyezi Mungu limo ndani yake kweli, sawa na “hasta” ya Kihispania na “hata” yetu ya “toka asubuhi hata jioni”, ambazo zote zimetoka katika “hatta” ya Kiarabu. Lakini Mhispania wa leo husema “ojalá” bila kuwaza dini, na “God willing” ingemfanya mama huyo asikike mcha Mungu kuliko alivyokusudia. Kinachotoa tafsiri ni umbo la kitenzi kinachofuata. “Ojalá venga” ni “I hope she comes”, kwani mlango uko wazi. “Ojalá hubiera venido” ni “I wish she had come”, maana wakati umekwisha pita. Jirani yako anasema “ojalá viniera”, iliyo katikati: “I wish she'd come”, au kwa uchungu zaidi “if only she'd come”. Mama anayechagua umbo hilo haoni dalili kwamba binti yake yuko njiani, na ukimtafsiria “I hope she comes” utakuwa umempa tumaini ambalo yeye mwenyewe hakulitamka.