Maswali ya Wasomaji: Ndege anayepigana na dirisha langu

SWALI: Mwalimu shikamoo. Toka majira ya kuchipua yaanze kuna kindege anakuja dirishani kwangu kila alfajiri anagonga kioo weee mpaka naamka, wiki mbili sasa, jirani ananiambia ni mkosi nihame chumba. Mi siogopi ila namwonea huruma. Halafu nauguza mguu, natoka kidogo sana, nimeanza kupenda kuangalia ndege wa hapa nje ila sina darubini na majina siyajui. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na mguu. Mkosi hakuna hapo, huyo ndege yuko vitani! Siku zikianza kurefuka ule mwanga wa ziada unaamsha homoni mwilini mwake, dume anashika kieneo chake na hataki kuona dume mwingine humo, sasa anatua dirishani kwako anamkuta mwenzie kamkodolea macho, akidonoa na yule anadonoa, akirusha mbawa na yule vilevile, haondoki ng'o. Kumbe ni sura yake mwenyewe kwenye kioo. Kushusha pazia kwa ndani hakusaidii sana, saa nyingine ndo unazidisha, manake kioo kikiwa na giza nyuma yake kinaakisi zaidi. Ziba kwa NJE, kitambaa, gazeti, hata kupaka sabuni tu kioo kififie. Msimu wa kuzaliana ukipita hasira zinaisha mwenyewe.

Ila usichanganye na ndege anayekuja kasi akajibamiza, huyo kaona anga na miti ndani ya kioo akadhani njia, na wengi wanakufa hivyo, inaniuma sana. Stika moja katikati ya dirisha haitoshi, weka alama nje kioo kizima, nafasi kati yao isizidi kama sentimita 5.

Kuhusu kuanza, anza na huyohuyo. Kwa kweli mtu akijua ndege mmoja vizuri anapata zaidi kuliko mwenye orodha ya mia aliowaona mara mojamoja. Kaa dirisha lilelile, saa ileile, ikiwezekana kabla jua halijachomoza maana hapo ndo wanaimba kwa nguvu zote, na angalia anafanya nini badala ya kuhangaika anaitwa nani. Kabeba jani kavu mdomoni, anajenga. Kapotea kimya siku kadhaa, huenda mayai yanalaliwa, ndege wengi wadogo ni kama wiki mbili hivi. Halafu siku moja unamwona na mdudu mdomoni hammezi, anaenda naye mahali, ujue vifaranga wapo! Na akitoka na kitu cheupe kama kifuko usishangae, ni kinyesi cha watoto, kinatoka kimefungwa kabisa na mzazi anakibeba kwenda kutupa mbali na kiota. Mi hiyo naipenda kuliko nyimbo zote. Jina likikusumbua ipo programu ya simu ya bure inaitwa Merlin, ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, inasikiliza sauti inakutajia, japo uhakikishe kwa macho.

SWALI: Nimemkuta kifaranga chini, ana manyoya ila hawezi kuruka vizuri. Nimwingize ndani?

JIBU: Hapana mpendwa, mwache. Kama ana manyoya na anarukaruka huyo katoka kiotani kwa wakati wake na wazazi wako karibu wanamlisha, wewe ukisimama hapo hawaji. Fungia paka ndani basi. Akiwa uchi kabisa hana manyoya huyo kaanguka, mrudishe kiotani kama unakifikia, na ile habari kwamba mama atamkataa akisikia harufu ya mtu si kweli.

SWALI: Mbayuwayu wanarudi kila mwaka, huwa wanatoka wapi?

JIBU: Hilo watu walibishana karne nyingi, Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba wengine wanajificha mashimoni msimu wa baridi. Kuhusu korongo jibu lilikuja mwaka 1822 huko Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe akakutwa na mkuki wa Afrika umemchoma shingoni, yaani alijeruhiwa Afrika akaruka nao hivyohivyo mpaka Ulaya! Yupo hadi leo Chuo Kikuu cha Rostock, kakaushwa na mkuki wake. Mbayuwayu nao, wale wa Ulaya wengi wanakaa kusini mwa Afrika halafu wanarudi, safari ya kama kilomita 10,000, na mwili wenyewe gramu 20 hivi tu. Wengi wanarudi palepale walipozaliana mwaka jana, kwa hiyo kile kiota cha udongo chini ya paa lako naomba sana usikibomoe, na siku utakayomwona wa kwanza andika tarehe.