Krosova ya fomula na twita inayochoma masikio

Ndugu, unasema umekokotoa krosova kwa fomula, yaani saketi inayogawa sauti kati ya woofa (spika ya sauti nzito) na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba), lakini twita inachoma masikio. Hesabu yako ya kugawa kwenye 2500 Hz kwa spika zenye ukinzani wa omu 8 (kapasita ya mikrofaradi 4, koili ya milihenri 1) iko sawa. Kinachoifanya twita ichome masikio ni hiyo 8. Omu za spika hupanda na kushuka kadiri masafa yanavyobadilika. Woofa yangu iliyoandikwa 8 nilipoipima ilivuka 20. Pima kila spika ikiwa ndani ya kasha lake, omu na sauti, kisha ingiza vipimo kwenye VituixCAD, programu ya kompyuta ya kubuni krosova, ni ya bure. Twita bado inaizidi woofa? Ipunguze kwa rezista mbili, moja mfululizo, moja sambamba. Ila unapopima twita usiiunge kwenye amplifaya bila kapasita. Mimi niliunguza moja kwa ule mshindo wa kuwasha tu.