Maswali Yenu: Acheni Kuniomba Dodoso

Barua nyingi safari hii ni za wanafunzi wa uzamili waliobanwa na tarehe ya kuwasilisha, chache ni za wenye biashara zao. Wanaouliza "mkakati wa biashara ni nini" warudi kwenye madaftari ya mwaka wa kwanza.

Shikamoo mwalimu. Mada yangu ni "Athari za mikakati ya ushindani katika utendaji wa kampuni za usindikaji wa vyakula Dar es Salaam". Naomba dodoso lililokwisha kutumika, nisihangaike kutunga jingine. (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Dodoso sikupi. Tasnifu za mada hii zimejaa rafuni, zinabadilishwa jina la mji tu: sura ya pili nguvu tano za ushindani za Michael Porter wa Harvard, sura ya tatu alama 1 hadi 5, sura ya nne "matokeo yanaonyesha uhusiano chanya". Utaachaje kuwa chanya? Meneja yule yule anajaza kwamba kampuni yake ina mkakati mzuri, akifungua ukurasa wa pili anajaza kwamba mauzo yamepanda. Ulichopima ni jinsi alivyoamka siku hiyo. Mkakati muulize meneja, sawa, ila utendaji utafute kwingine: hesabu zilizokaguliwa, magunia yaliyosagwa, hata bili ya umeme ya kiwanda. Halafu uliza mambo ambayo Porter, aliyeandika mwaka 1979 akiitazama Marekani, hakuwa na haja ya kuyauliza. Umeme ukikatika mnafanyaje? Mteja asipolipa mnampeleka wapi? Mkopo mliupata kwa dhamana ya nani? Humo ndimo mkakati wa kampuni za kwetu unamojificha.

Tanzania ni "uchumi unaoibukia" au "nchi inayoendelea"? Msimamizi ananisumbua.

Inategemea orodha ya nani. Jina la kwanza lilibuniwa mwaka 1981 na Antoine van Agtmael wa IFC, taasisi ya Benki ya Dunia inayoshughulika na sekta binafsi, alipokuwa akitafuta namna ya kuwauzia wawekezaji hisa za nchi zilizoitwa Dunia ya Tatu. Taja orodha unayoitumia, sentensi moja inatosha, usonge mbele.

Kwa nini matajiri wetu hawatulii kwenye biashara moja? Mtu anauza unga, juisi na aiskrimu, ana boti, ana televisheni, ana na timu ya mpira. Chuoni tulifundishwa kampuni ing'ang'anie inachokiweza. (Mfanyakazi wa benki, Dar es Salaam)

Unamsema Bakhresa, sema tu. Mlichofundishwa kilipikwa Marekani ya miaka ya 1980, ambako makundi makubwa ya kampuni yalikuwa yakivunjwavunjwa na soko la hisa likishangilia. Mwaka 1997 Tarun Khanna na Krishna Palepu wa Harvard walionya kwamba ushauri huo ukiupeleka India au Indonesia unaweza kuiumiza kampuni. Waliyatazama mapengo. Taarifa za kuaminika za mkopaji hazipatikani, soko la mitaji ni jembamba, kesi ya madai inazeekea mahakamani, mameneja walioiva ni wa kutafuta kwa tochi, na mnunuzi haiamini lebo asiyoijua. Kundi kubwa linaziba mapengo hayo lenyewe, ndani kwa ndani. Faida ya kinu inaweza kujenga kiwanda cha juisi bila mtu kupiga magoti benki, na wewe wa benki unazijua dhamana mnazodai. Meneja aliyekomaa kwenye kampuni moja anahamishiwa nyingine. Mama aliyeliamini jina la Azam, chapa ya Bakhresa, kwenye mfuko wa unga hasiti sana kulipokea kwenye king'amuzi.

Lakini msishangilie mapema. Wawili hao hao walichambua makundi ya India, na kazi yao ya mwaka 2000 inasema hivi: kundi likianza kutanuka, utendaji wa kampuni zake unashuka kwanza, na haupandi tena mpaka liwe limetanuka kupita kiwango fulani. Maana yake wa katikati ndiye anayeumia. Wewe mwenye duka la jumla unayefungua gereji, shule na baa kwa mpigo, upo hapo katikati.

Upo na upande mchafu, ambao semina zetu za uwekezaji huuruka. Bertrand, Mehta na Mullainathan walionyesha mwaka 2002, India hiyo hiyo, jinsi familia zinazoshika kundi zinavyochota faida kwenye kampuni ambako zina hisa chache na kuipeleka kule ambako zina hisa nyingi. Mwenye hisa mdogo anabaki na taarifa ya mwaka yenye picha nzuri. Kwa hiyo ukinunua hisa za kampuni iliyomo ndani ya kundi, kabla ya kukimbilia gawio, soma kwanza maelezo ya miamala yake na kampuni ndugu.

Naomba PDF ya kitabu cha Porter.

Hapana. Maktaba ipo.

M-Pesa ilishika Kenya na kwetu. Ilikuwaje ikafa Afrika Kusini, kwenye hela zaidi?

Hizo hela ndizo zilizoiua. Vodacom waliizindua huko mwaka 2010, wakaizindua tena 2014, wakaifunga 2016 ikiwa na watumiaji hai wapatao 76,000. Watu wazima wengi tayari walikuwa na akaunti na kadi ya benki, na supamaketi zilikuwa zinatuma pesa. Sheria nayo ilitaka benki iwemo. Kenya ya mwaka 2007 ilikuwa kinyume chake: wengi hawakuwa na akaunti, bahasha ya nyumbani ilipitia kwa kondakta wa basi, Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya soko la simu, na Benki Kuu iliruhusu jambo lianze huku ikilitazama.

Ninyi mnaoandika kuhusu M-Pesa mnaandika "teknolojia" mpaka basi. Nendeni mkakae kwa wakala. Miaka ile ya mwanzo alikuwa na simu ya vibonyezo na daftari refu: tarehe, namba ya simu, kitambulisho, kiasi, sahihi ya mteja. Akisema "sina floti", yaani pesa ya kuhudumia wateja imemwishia, hapo huduma imekufa, makao makuu wawe na mitambo ya namna gani. Nani anampelekea wakala wa kijijini pesa taslimu, kwa kamisheni ipi, na kwa nini akubali? Hiyo tasnifu nitaisoma.

Mshauri ametuandalia mpango mkakati wa miaka 5, mnene na wa rangi. Tuanzie wapi? (Mwenye kiwanda, Mwanza)

Stoo. Nicholas Bloom na wenzake walifanya jaribio kwenye viwanda vya kufuma pamba karibu na Mumbai, wakalichapisha mwaka 2013. Washauri waliopelekwa walifundisha vitu vidogo: kuandika mashine imeharibika lini na kwa nini, kurekodi kasoro za kitambaa kila siku, kupanga nyuzi stoo na kuzihesabu, kufagia sakafu. Mwaka wa kwanza tija ilipanda kwa asilimia 17. Wenye viwanda wengi walikuwa wameamini kwamba hayo hayawahusu. Lililonigusa zaidi ni kwamba ukubwa wa kampuni ulifuata idadi ya wanaume wa familia, kwani mwenye mali aliogopa kumwachia mgeni madaraka asije akaibiwa. Hapo kwako, angalia ufunguo wa stoo anao nani, na kwa nini ni shemeji.

Nataka kufanya rigresheni (hesabu ya kupima kipi kinasukuma kipi) ya kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Sampuli inatosha?

Haitoshi. Hazifiki 30, na kadhaa ni za Kenya zilizojiorodhesha huku pia. Ukiingiza vigezo vinane kompyuta itakupa jibu, kompyuta haina aibu. Chukua kampuni moja uichimbe, na safari hii iwe iliyokufa, maana tumechoka kusoma siri za walioshinda. Nakumatt, supamaketi za Kenya, ilitapakaa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, ikaelemewa na madeni, Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ifungwe. Wasambazaji waliokuwa wakiidai wapo na wanaongea. Msimamizi wako akisema kisa kimoja si utafiti, mpe anwani yangu.