Mifuko 18 au 28? Shika uzi kwanza

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Uyole, Mbeya. Nyumba yangu ina bati na lipu, jamvi (zege la chini) lilimwagwa mwaka juzi, na sasa nataka kusakafia kabla mvua za Novemba hazijaanza. Sebule ni mita 5 kwa 4, vyumba viwili vya mita 4 kwa 3, jiko mita 3 kwa 3, na korido mita za mraba 7. Shemeji yangu amepiga hesabu akapata mifuko 18 ya saruji. Fundi anataka 28. Nahisi mifuko 10 ni ya kwake. Nimwamini nani?
Mwalimu, Uyole

JIBU: Marahaba mwalimu. Nimesakafia nyumba zaidi ya miaka 30, kuanzia Iringa na Njombe hadi Tukuyu, na hilo neno la "mifuko ya kwake" nimeambiwa usoni mara nyingi. Linauma. Mafundi wezi wapo, sikatai. Ila kabla hujamweka fundi wako katika kundi hilo, kuna kipimo kimoja ambacho hukukiandika katika barua yako, nacho ndicho chenye jibu.

Tuanze na shemeji. Eneo lako lote ni mita za mraba 60. Yeye bila shaka amechukua unene wa sentimita 4, akapata mita za ujazo 2.4. Hiyo ni sakafu iliyokwisha kushindiliwa. Mchanga na saruji vikiwa vikavu vina hewa katikati, vikilowa vinashuka, kwa hiyo tunazidisha kwa 1.3 na kupata kama 3.1. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 4, saruji ni sehemu moja kati ya tano, yaani 0.62, au lita 620. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Gawanya: mifuko 18. Hesabu yake ni safi.

Ila shemeji amelihesabu jamvi kana kwamba limelala sawa kama meza. Jamvi lililomwagwa kwa toroli na kusawazishwa kwa chepe halilali hivyo. Nimekuta tofauti ya sentimita 3 ndani ya chumba kimoja, na hayo mabonde yote hujazwa kwa saruji yako. Katika nyumba yako, kila sentimita moja ya ziada inakula mifuko minne na nusu.

Kwa hiyo Jumamosi mwite fundi, mshike uzi pamoja. Chukueni mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, mpige alama za usawa mmoja kwenye kuta za nyumba nzima. Tafuteni mahali jamvi lilipopanda kuliko kwingine kote. Hapo sakafu isipungue sentimita 2.5. Huo ndio uso wa sakafu yako. Vuteni uzi kwenye usawa huo, ukuta hadi ukuta, na kila baada ya mita moja mpime kutoka kwenye uzi hadi kwenye jamvi. Andika wewe mwenyewe. Jumlisha vipimo vyote, gawa kwa idadi yake.

Wastani ukitoka sentimita 5.5, unahitaji mifuko 25, na ukiongeza kumi kwa mia ya kinachomwagika na kubaki kwenye karai, unafika 27. Basi fundi wako ni mkweli, na amekadiria kwa jicho lililozoea. Ukitoka 4.5, mifuko 22 inatosha pamoja na nyongeza, na hapo una haki ya kumuuliza.

Mchanga, kwa 5.5, agiza mita za ujazo 4. Ukiletwa umelowa, jua kwamba mchanga wenye unyevu huvimba: lori linaonekana limejaa, ukikauka unapungua. Usikubali wenye udongo. Jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache saa tatu. Kwenye sentimita 10 za mchanga, tope la juu likizidi milimita 8, urudishe. Mchanga wa tope ndio unaozaa sakafu za nyufa na vumbi, halafu lawama anabeba fundi.

Kupima: mfuko mmoja kwa ndoo 7 za lita 20. Ndoo, si chepe. Chepe la kijana wa asubuhi si chepe la kijana aliyechoka saa nane. Maji yawe kidogo: ukifinya mchanganyiko mkononi ubaki donge bila kuchuruzika.

Usinunue saruji yote siku moja. Nunua mifuko 15, ipange juu ya mbao, mbali na ukuta, maana ukungu wa Uyole unaigandisha. Muanze na chumba kimoja cha mita 4 kwa 3. Kwa unene wa 5.5 kinapaswa kula mifuko 5. Kikila 7, simamisha kazi mtafute sababu siku hiyohiyo. Sebule na korido ziwe za mwisho, msije mkakanyaga kazi mbichi.

Jamvi la mwaka juzi lina vumbi na matone ya lipu. Ligongwe kwa tindo, lifagiliwe, lilowanishwe usiku kucha, kisha lipakwe rojo la saruji, na sakafu imwagwe kabla rojo halijakauka. Ukiruka hapo, miezi michache baadaye utagonga kwa kisigino na kusikia mlio wa mtungi mtupu. Halafu ifunike kwa nailoni na uimwagilie siku 7. Kama utatandika kapeti la plastiki, hesabu siku moja kwa kila milimita, yaani karibu miezi miwili kwa 5.5.

SWALI: Kamwene baba. Nina likizo mwezi Julai tu. Naweza kusakafia hapa Mafinga na baridi hii?
Mfanyabiashara wa mbao, Mafinga

JIBU: Kamwene. Unaweza, ila kwa saa zake. Niliwahi kusakafia Makete mwezi huo, nikamalizia chumba cha mwisho saa kumi na moja jioni. Usiku barafu ikashuka, na asubuhi uso wote ulikuwa unabanduka. Nilivunja chumba kizima na kununua saruji kwa fedha yangu. Baridi huchelewesha saruji kushika, na maji yakiganda ndani yake kabla haijashika, kazi imekwisha. Anza saa nne asubuhi jua likiwa limetoka, acha kumwaga saa nane, ziba madirisha, funika nailoni na juu yake maturubai au magunia makavu. Na usiku wa kwanza usimwagilie. Subiri jua la kesho yake.