Fizi Isiyovuja Damu: Kwa Mnaoanza Kliniki ya Meno

Mwaka wangu wa kwanza kazini hapa Mombasa nilimkagua mvuvi wa Mtongwe. Jino haliniumi, akasema, lacheza tu. Fizi zake zilikuwa kavu, hazivuji hata tone, nami nikaandika "fizi nzima". Mkubwa wangu akachukua kile kijiti cha chuma chenye alama za milimita, akakitia taratibu pembeni mwa gego. Kikazama hadi 7. Fizi nzima haivuki 3.

"Umemuuliza kama avuta sigara?"

Sikuwa nimemuuliza. Sigara huzuia fizi kuvuja damu, ugonjwa wa fizi ukaendelea chini kwa chini.

Chuoni tuliambiwa bakteria wanaoleta ugonjwa huu huikwepa kinga ya mwili kwa kujificha. Kweli mmoja wao, Porphyromonas gingivalis, huweza kuingia ndani ya seli za fizi, lakini hila yake kubwa ni nyingine. Anatoa vimeng'enya viitwavyo gingipeini, mfano wa mikasi. Vinakatakata C3, protini ya damu ambayo ingemtia alama ili amezwe. Kisha vinakata C5, protini nyingine ya damu, na hapo kinatoka kipande C5a, ambacho ndicho king'ora cha kuita chembe nyeupe. Yaani mwizi mwenyewe ndiye anayepiga mayowe ya "mwizi!"

Chembe nyeupe zikifika, anabonyeza vipokezi viwili kwa pamoja, cha C5a na TLR2, kipokezi kinachotambua bakteria. Protini MyD88, inayoamsha uwezo wa kuua, inavunjwa; njia nyingine inafunguliwa, inayozuia kumeza lakini inauacha uvimbe uendelee. Na uvimbe ndio anaoutaka. Nyama ikimomonyoka anapata vipande vya protini, na damu inampa chuma. Sukari haili, kwa hiyo kumkataza mgonjwa kaimati kutamfaa kwa meno kutoboka, si kwa huyu.

Wala si lazima wawe wengi. Katika majaribio ya panya yaliyochapishwa 2011, wachache mno walitosha kuwavuruga bakteria wote wa kinywani hadi mfupa unaoshika meno ukalika. Panya waliolelewa bila bakteria wowote, alipopandikizwa peke yake, mfupa haukulika. Ndiyo maana sipendi kusikia kijana wa kliniki akitaka dawa ya kumwua "yule mmoja". Kwaruza ukoga wote, hasa ule mgumu wa chini ya fizi. Mama aliyejinunulia amoksilini dukani akaona nafuu ya siku chache atarudi, maana ukoga ni ngome na dawa haipenyi vizuri.

Ukipima, zunguka jino zima, sehemu sita, hata mgonjwa akikuna kichwa na kutazama saa ya feri. Yule mvuvi shimo lake la fizi lilikuwa upande wa nyuma wa gego, mahali ambapo kioo changu hakikufika.