Kwa Ninyi Mlioanza Juzi Kubisha Milango ya Waajiri

Wiki iliyopita nilimsindikiza kijana mmoja wa timu yetu ya kuwatafutia kazi watu wenye ulemavu na kuwasaidia wakishaipata, mwenye miezi miwili kazini, kwenda kuonana na meneja wa ghala. Alikuwa amejiandaa kwelikweli: shati limenyooka, vipeperushi mkononi, tukafika dakika kumi kabla ya wakati. Meneja akatukaribisha, akauliza, "Haya, niwasaidie nini?" Kijana wangu akaanza: "Tuna vijana wenye ulemavu wa akili, wana hali ngumu, tunaomba kama mna moyo wa kuwasaidia..." Nikamwona meneja anafungua droo. Nilishajua anachotafuta. Tulitoka pale na mchango ndani ya bahasha, na kazi hakuna.

Njiani sikumgombeza. Anawapenda watu wetu, na upendo ule ulionekana usoni pake. Lakini huyu ni wa nne mwaka huu kufanya kosa lile lile, na mimi ni mzee wa kazi hii. Nikiendelea kunyamaza nitakuwa nashiriki. Kwa hiyo naandika. Uchambuzi wa kazi, yaani kuigawa kazi hatua kwa hatua, mnaujua; ngazi za usaidizi, yaani msaada mwingi au mdogo kadiri mtu anavyohitaji, mnazijua; ripoti mnajaza vizuri kuliko sisi tulivyojaza. Ya darasani sitayarudia.

1. Mwajiri si mfadhili

Ukimwomba mtu huruma atakupa huruma, na huruma haina zamu wala mshahara. Mwajiri ana jambo linalomsumbua kila siku kazini kwake. Lijue hilo kwanza. Erin Riehle, muuguzi aliyekuwa akiongoza idara ya dharura katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, alikuwa na shida ya wafanyakazi wa kujaza vifaa kwenye rafu: waliajiriwa, wakachoka, wakaondoka. Akajiuliza kama watu wenye ulemavu wa ukuaji wasingeweza kuifanya kazi ile, tena vizuri. Hapo ndipo ilipozaliwa Project SEARCH, mpango wa kuwaandaa vijana wenye ulemavu kwa ajira ndani ya sehemu za kazi zenyewe, mwaka 1996, na leo imefika nchi nyingi. Mlango ulifunguliwa kwa sababu rafu zilikuwa tupu na muuguzi mmoja alitaka zijae.

Ziara ya kwanza usiombe kazi. Omba uzungushwe. Tazama mikono ya watu, kisha uliza: kazi gani hapa huachwa hadi jioni? Nani analipwa mshahara wa fundi lakini nusu ya siku anapanga maboksi? Nafasi gani hujazwa leo na baada ya miezi miwili iko wazi tena? Kazi ya mtu wetu huchongwa kutokana na majibu hayo.

Niliwahi kusimama kwenye karakana ya magari saa nzima, nikiangalia tu. Mafundi wanne, na kila mmoja akiacha gari lililoinuliwa kwenda kutafuta spana ambayo mwenzake ameitupa popote. Nikamuuliza msimamizi wao jambo moja: kwa siku, muda unaopotea hapo ni kiasi gani? Hakunijibu. Nikashukuru, nikaondoka. Baada ya siku sita akanipigia mwenyewe. Alikuwa amekaa na saa, amehesabu, na hesabu ilimkasirisha. Binti aliyeajiriwa pale, mwenye sindromu ya Down, sasa ndiye mlinzi wa ubao wa vifaa. Fundi akichukua spana bila kumwambia, anafuatwa hadi chini ya gari.

2. Mjue unayemtafutia

Ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ule wa mwaka 2006, inazungumzia kazi ambayo mtu ameichagua au kuikubali kwa hiari yake. Wengi wenu mnaweza kuitaja ibara hiyo hata usingizini, halafu mnaniletea fomu iliyoandikwa "kazi yoyote". Hakuna mtu anayetaka kazi yoyote. Nenda kwake, kaa naye siku tatu au nne, mwone anavyopanga vitu vyake, nini kinamtuliza, kelele gani humkera.

3. Usimfanyie kazi

Hili nitalieleza taratibu, maana nimelibeba miaka mingi.

Nilikuwa na miezi minane kazini. Nilikuwa nimempata mwajiri wangu mkubwa wa kwanza, hoteli moja yenye vyumba vingi. Msimamizi wa chumba cha kufulia alikuwa mama wa makamo, mtu wa maneno machache, aliyenipokea kwa heshima. Alitaka mkunjaji wa taulo na mashuka, zamu ya asubuhi. Nami nilikuwa na kijana wa miaka 23 mwenye usonji, asiyesema sana, ambaye tangu utotoni hawezi kupita penye kitambaa kilichopindana bila kukinyoosha. Taulo alizikunja kuliko mtu yeyote mle ndani. Mrundo wake ulisimama wima kama ukuta uliopigwa timazi.

Mashuka yalimshinda. Ya vitanda vidogo na ya vitanda vikubwa yote yalikuwa meupe, kitambaa kile kile, bila alama. Wenzake waliyatambua kwa uzito tu, kwa mazoea ya miaka. Yeye ilimbidi alitandaze kila shuka mezani alipime, na akikuta mrundo umechanganyika alisimama, akaziba masikio, kazi ikalala.

Nilipaswa kwenda kwa yule mama siku ile ile. Sikwenda. Ofisini nilikuwa nimeshapongezwa kwa kuipata hoteli ile, na niliogopa kusikia maneno mawili: "Kumbe hawezi." Basi nikaanza kumtangulia. Saa 11 alfajiri niko ndani, nachambua mashuka: madogo kushoto, makubwa kulia. Saa 12 yeye anafika, anakuta yamegawanywa, anakunja. Msimamizi anapita, anaona mirundo imenyooka, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye ripoti niliandika kwamba anajitegemea kwa asilimia 80. Nilijiambia ni kwa siku chache, hadi azoee. Zikawa wiki sita.

Tazameni vizuri nilichokuwa nakifanya. Kila alfajiri nilikuwa namnyima kijana nafasi ya kujifunza kipande kimoja kigumu cha kazi yake, na nilikuwa namnyima msimamizi nafasi ya kumjua mfanyakazi wake. Yule mama alikuwa anapanga zamu kwa kasi ya watu wawili, akiamini ni mmoja.

Wiki ya saba nilipewa mtu mwingine upande wa pili wa mji, na ratiba ikataka nijiondoe. Mnajua kujiondoa ni kwa hatua: leo unasimama hatua mbili nyuma, kesho mlangoni, keshokutwa unapita mara moja. Mimi niliondoka siku moja. Sikuwa na cha kupunguza hatua kwa hatua, kwa kuwa hakuna aliyejua nilikuwa nafanya nini. Siku ya pili mashuka makubwa yalipelekwa ghorofa ya vitanda vidogo. Vyumba vikachelewa kutandikwa, wageni wakakaa mapokezi na mizigo yao. Siku ya nne simu ikalia.

Nilimkuta kijana amekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, aproni bado iko shingoni. Hakuna aliyemfokea, aliambiwa apumzike kidogo. Aliponiona aliniuliza, "Nani ameyavuruga mashuka?"

Kwake yeye, kwa wiki sita, mashuka yalikuwa yanakuja yakiwa yamegawanywa. Ndivyo kazi ilivyokuwa. Nilikuwa nimemfundisha kazi ambayo haipo, na sasa alikuwa anamtafuta aliyeiharibu.

Yule mama hakupandisha sauti. Aliniambia, "Mwanangu, ungeniambia siku ya kwanza. Nilikotoka tulikuwa tunashona uzi wa rangi kwenye pindo, mwekundu kwa dogo, bluu kwa kubwa. Cherehani ninayo pale." Akaionyesha. Ilikuwa kwenye kona, hatua tano kutoka mahali niliposimama kila alfajiri. Nikamwomba tujaribu. Akatikisa kichwa. "Wakubwa wangu wameshaniuliza nilikuwa naangalia nini wiki sita zote. Nitawajibu nini?" Hadi wakati huo sikuwa nimewaza hata mara moja kwamba na yeye alikuwa ameliweka jina lake rehani kwa ajili yangu.

Kijana alipoteza kazi, akakaa nyumbani miezi 11. Nilikwenda kwao kumweleza mama yake ukweli wote. Alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mwanawe alijua kukunja. Nikamwambia alijua kuliko wote. Akaniomba nikamwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nilimkuta chumbani na nguo za nyumba nzima, anakunja. Nikamwambia. Hakuinua macho. Hoteli ile haikumpokea mtu wetu mwingine kwa miaka mitano, na kati ya waliokosa nafasi hizo wako ambao hata sikuwahi kuonana nao.

Baadaye ndipo nilipokutana na kazi ya Marc Gold. Mwaka 1972 Mmarekani huyu alichapisha utafiti kuhusu vijana wenye ulemavu wa akili waliofundishwa kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15, na waliopewa vipande vilivyopakwa rangi upande mmoja walijifunza haraka zaidi. Kumbe ule uzi wa yule mama ulikuwa umeshathibitishwa kitambo. Msome Gold. Lakini hata asiyemsoma angeweza kuuliza, na mimi sikuuliza.

Siku hizi mfanyakazi akikwama, siku ile ile namfuata msimamizi na mambo mawili: ninachokiona kinakwama, na swali kama yeye amewahi kukiona kwingine. Suluhisho langu nalitunza mfukoni. Mara nyingi msimamizi ana lililo bora, na suluhisho lililotoka kwake atalitetea hata nikiwa sipo.

4. Utambuzi wa daktari si mali yako

Jina la hali aliloandika daktari usilitaje bila ruhusa ya mwenye hali hiyo. Mweleze mwajiri mtu anafanya nini vizuri na anahitaji nini ili afanye vizuri, basi.

5. Mtafute msimamizi wa zamu

Mkurugenzi atakupa mkono, picha, na maneno mazuri. Anayeamua kama mtu wetu atadumu ni yule anayegawa kazi asubuhi. Nimeona nafasi zilizotangazwa kwa shangwe na wakubwa zikifa ndani ya wiki mbili kwa sababu msimamizi wa zamu alipata habari siku mfanyakazi anaingia getini. Akija mtu mpya zamuni, jitambulishe tena kuanzia mwanzo. Na mjue jirani wa meza: yule anayemwambia mwenzake "twende chai" bila kufundishwa na yeyote. Huyo anafanya kazi ambayo mimi na wewe hatuwezi kuifanya, na ukijipachika katikati yao utaiua. Niliwahi kumvuta pembeni msaidizi mmoja aliyekuwa anakula chakula cha mchana na mfanyakazi wake kila siku, akidhani anamtunza. Meza nzima ilikuwa inawakwepa wote wawili.

6. Mshahara

Majaribio yawe na tarehe ya mwisho na malipo kamili, na yaandikwe. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938 iliwaruhusu waajiri wenye kibali kuwalipa watu wenye ulemavu chini ya kima cha chini, na watu wengi walizeekea humo. Msifungue mlango huo kwa jina la "kumpa uzoefu".

7. Ukiambiwa hapana

Shukuru, uliza kama anamfahamu mwajiri mwingine mwenye shida kama uliyoiona, na umtumie ujumbe wa shukrani kabla ya jua kuzama.

8. Rudi baada ya faili kufungwa

Kule Marekani faili la huduma za urekebishaji, zile za kuwasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi, halifungwi kama lililofanikiwa kabla mtu hajakaa kazini angalau siku 90, na kwingine kuna hesabu zinazofanana na hiyo. Hesabu hizo ni za ofisi. Mambo yenyewe hubadilika mwezi wa nane: mashine mpya imeletwa, msimamizi amehama, basi la asubuhi limebadilishiwa saa. Pita, hata dakika tano, hata kama hakuna wa kukulipa nauli. Nenda usiulize kuhusu mtu wetu kwanza. Uliza biashara inaendaje, kisha usikilize kwa dhati. Mwajiri anajua tofauti kati ya mtu anayemkagua na mtu anayemjali.

Yule mama wa chumba cha kufulia nilimpitia kila baada ya miezi michache kwa miaka yote mitano, bila kuomba chochote. Mara nyingine hakuwa na nafasi ya kunisalimia. Alipohamia hospitali moja kusimamia nguo za wodi alinipigia kabla hata hajamaliza wiki. Aliuliza kama yule kijana bado anakunja. Mashuka ya pale yana uzi kwenye pindo, na yule kijana ndiye huwafundisha wafanyakazi wapya wasome rangi.

Kesho saa 3 asubuhi mimi na kijana wangu tunarudi kwa meneja wa ghala. Bahasha yake tutamrudishia, tukimshukuru, na kijana ndiye atakayesema. Tumefanya mazoezi leo mchana. Atamwomba atuzungushe.